Nyumba ya Lusajo Ndani ya Kompyuta ya Rujewa

Nakumbuka siku moja ya kliniki, asubuhi yenye baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nimesimama Uyole, kikombe cha chai mkono huu na kiazi cha moto mkono ule. Simu ikalia, na sauti ya mwanamke ikaniambia maneno ambayo hadi leo yakinijia nashtuka kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji ya mto Kiwira.

"Kaka Lusajo, nyumba yako haipo."

Mwanangu, nilidondosha kiazi. Mawazo yangu yalikimbilia moja kwa moja Iyunga, kwenye chumba changu cha kupanga, godoro langu, na redio kumi na saba za wateja.

"Imeungua?"

"Siyo ya huko, ya huku Rujewa."

"Nesi, mimi sina nyumba Rujewa."

"Unayo. Ile uliyoniambia niiweke ndani ya kompyuta, nisiiguse. Basi haipo. Na kinamama wamejaa hapa mpaka getini. Njoo." Akakata.

Wakati huo kuku wa mama ntilie alikuwa ameshaondoka na kiazi changu, nami hata sikumfukuza. Nilisimama nimeduwaa, chai inapoa mkononi, watu wananiuliza kama nimefiwa. Ngoja kwanza nikueleze nilivyopata nyumba ndani ya kompyuta ya zahanati, la sivyo utadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Miaka hiyo nilikuwa kijana, tena mwenye akili kuliko watu wote kuanzia Tunduma hadi Makambako. Sijisifu, nilikuwa nimelithibitisha jambo hilo mwenyewe, bila kumwuliza mtu. Mchana nilitengeneza redio na simu pale Uyole. Jioni nilisoma masomo ya watu wazima, katika darasa tuliloazima Iyunga, kwenye madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu. Nilipofaulu kidato cha nne nilinunua kalamu tatu nikazipanga kwenye mfuko wa shati, zote zionekane. Hata kanisani nilikwenda nazo.

Baadaye nikaingia kwenye kikundi cha watu tisa wa Mbeya na Iringa. Tulikuwa tunatunza mfumo wetu wa kuendeshea kompyuta, wa jamii ya Linux, kwa ajili ya zile kompyuta kuukuu za msaada zilizokuwa kwenye zahanati na shule. Mfumo tuliuita Mwanzi. Baadhi yetu tulitaka uitwe Ulanzi, kwa heshima ya kile kinywaji cha mianzi cha Iringa, lakini kiongozi wetu, Mama Luvanda, alikuwa anaimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri na hakutaka hata kulisikia jina hilo. Alikuwa mama wa Kihehe, mfupi, mpole wa sauti, mwenye macho yanayosoma mpaka mistari ambayo hujaiandika. Intaneti ya wakati ule ilikuwa inatambaa kama kinyonga mgonjwa, kwa hiyo kila toleo jipya tulilichoma kwenye diski, diski zikapanda basi, zikafika vituoni.

Kazi yetu hasa ilikuwa kutengeneza vifurushi. Kifurushi ni programu iliyofungwa vizuri na kila inachohitaji, ili nesi wa Rujewa akibonyeza mara moja tu, ijipange yenyewe ndani ya mashine yake. Na mimi, kwa akili zangu zile, nilikabidhiwa kifurushi kikubwa kuliko vyote: injini ya lugha ya programu. Sisi tulimwita Mkalimani, na jina lilimfaa. Umeshaona mhubiri mgeni akija kule Rungwe vijijini, anahubiri kwa Kiswahili, na pembeni yake amesimama mtu anayewageuzia bibi zetu kwa Kinyakyusa. Mhubiri awe mtamu namna gani, yule wa pembeni akinyamaza, ibada imekwisha. Ndivyo ilivyokuwa programu ya zahanati. Iliandikwa kwa lugha ambayo mashine haiijui, na Mkalimani alikuwa anaigeuza, neno kwa neno, siku nzima.

Sasa, Mkalimani huyu habebi kila kitu kichwani. Ana vitabu vyake, mafaili mengi kama mchele wa Usangu, na siku unapomjenga ndipo unapomwambia vitabu vyake vitakaa wapi. Ukishamwambia, haulizi tena. Atakwenda mahali pale pale kila anapoamka, maisha yake yote.

Kwa sababu hiyo Mama Luvanda alikuwa na sheria moja ambayo hakuwa na mzaha nayo. Kila kifurushi kijengwe katika chumba kitupu. Maana yake, ndani ya kompyuta unatenga sehemu isiyo na kitu chako chochote, ni mfumo peke yake kama ulivyozaliwa. Unajenga humo. Ukimaliza unakibomoa chumba hicho, unafungua kingine kitupu, unasakinisha kifurushi chako humo na kukijaribu. Ndipo unatia saini yako ya siri, ile ambayo mashine za vituoni zinaitambua, na chini ya saini unaandika kwa maneno yako kwamba umejenga na kujaribu kwenye chumba kitupu. Halafu mtu wa pili anapitia na kutia yake.

"Ukimjengea nyumbani kwako, atazoea nyumbani kwako," alikuwa anatuambia. "Na watu hawaishi nyumbani kwako."

Nilisikia. Masikio nilikuwa nayo, yote mawili, makubwa. Lakini chumba kitupu kwenye mashine yangu ile kilikuwa kinachukua siku nzima, na feni yake ilikuwa inalia kama mashine ya kukoboa. Nami nilikuwa na haraka ya kuwa wa kwanza kumleta Mkalimani mpya Nyanda za Juu Kusini. Nikamjengea nyumbani kwangu, ndani ya folda yenye jina langu, lusajo, humo humo mlimokuwa na picha zangu na nyimbo zangu. Nilimjaribu kwenye mashine yangu mara elfu tisa. Haya, mara nane. Alifanya kazi kama malaika! Nikatia saini. Nikaandika: nimejenga katika chumba kitupu, nimejaribu katika chumba kitupu. Sikusita hata kidogo, mwanangu, na hilo ndilo linalonitisha zaidi nikikumbuka.

Mama Luvanda naye akatia saini yake chini ya yangu.

Diski zilipofika Rujewa, Nesi Anyisile wa zahanati akanipigia simu. Huyu nesi ndiye niliyemfundisha mwenyewe kutumia kompyuta. Ni mimi niliyemwambia daftari lake kubwa la kliniki ni mambo ya zamani, alifungie kabatini. Akanisomea kilichoandikwa kwenye kioo, taratibu, kama anasoma dawa ya mgonjwa. "Inasema haioni vitabu. Inatafuta mkwaju, kale kamstari ka kulala, home, mkwaju, lusajo. Sasa kaka, we unaishi humu?"

Jasho lilinitoka kwenye kope. Nilielewa papo hapo. Mkalimani wangu alikuwa amefika Rujewa, ameamka, na ameondoka kwenda kutafuta vitabu vyake nyumbani kwangu Iyunga!

Hapo ndipo ningempigia Mama Luvanda. Ningesema nimekosea, tungechoma diski nyingine, yangeisha. Badala yake nilikaa chini, nikanakili vitabu vyote kwenye flashi, nikawapa makondakta wa mabasi, flashi moja kwa kila kituo, vituo kumi na viwili. Nikawaagiza wenyeji wa vituo: tengenezeni folda inayoitwa lusajo, mwageni hivi vitu humo, fungueni ruhusa zote, msiguse tena, ni mambo ya kitaalamu. Wakafanya. Mkalimani akafika mlangoni, akakuta vitabu, akaanza kazi. Nami nikawa mtu mwenye nyumba kumi na mbili kuanzia Mbeya hadi Iringa, na sikulala hata katika moja. Kwa Mama Luvanda nilinyamaza. Kila alipouliza habari za Mkalimani nilimjibu, "Kwangu anafanya kazi, mama."

Sasa turudi Uyole, kiazi kimeliwa na kuku.

Nilipanda lori la viazi lililokuwa linakwenda Dar, nikashukia Igawa, nikachukua pikipiki hadi Rujewa. Zahanati ilikuwa imefurika. Natia chumvi nikisema walikuwa elfu tano, lakini benchi zote zilijaa, kivuli cha ukuta kilijaa, na watoto walikuwa wanalia kwa zamu kana kwamba wamepangiwa ratiba. Nesi Anyisile alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Karibu nyumbani," akasema. Hakucheka.

Ndani, mbele ya kompyuta, alikaa dada mmoja amevaa koti jeupe jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Alikuwa mhudumu mpya wa dawa, ameripoti wiki ile kutoka Tukuyu. Nesi akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu ndiye aliyefuta. Mwambie jina lako, dada."

"Naitwa Lusajo," akasema yule dada.

Mwanangu! Nilishika ukuta. Kule kwetu Unyakyusa ukirusha jiwe sokoni utampata Lusajo, na akilia, atageuka Lusajo mwingine. Na mimi, mwenye akili kuliko wote, sikuwahi kufikiria kwamba katika vituo kumi na viwili angetokea mwenzangu hata mmoja!

"Nesi aliniandikisha kwenye kompyuta," dada akaeleza. "Nikaandika jina langu. Mashine ikasema nyumba ipo tayari, ikanipa. Kufungua, nakuta imejaa makorokoro, mafaili ambayo sijui hata yanasomwaje. Nikadhani ni ya mtu aliyehama. Jina ni langu, nyumba ni yangu, nikafagia. Nilikuwa nataka nafasi ya kuweka nyimbo za kwaya yetu. Nisamehe, kaka."

Eti yeye ndiye anayeniomba msamaha! Nilitamani sakafu inimeze, lakini ilikuwa ya saruji.

"Usijali," nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "vitabu ninavyo kwangu. Nanakili, dakika tano." Nikafungua laptopu yangu. Na hapo ndipo nilipokumbuka. Laptopu ile ilikuwa mpya, niliinunua mwezi uliopita. Ile mashine ya zamani niliiuza, na kabla ya kuiuza niliifuta yote, safi kabisa, ili mnunuzi asione picha zangu. Flashi nazo zilirudi na makondakta, nami nilishaandika vitu vingine juu yake. Nyumba ya Lusajo ya Iyunga nayo haikuwepo. Niliifagia mwenyewe.

"Vituo vingine je?" Nesi akauliza. "Si wanavyo?"

Cha karibu kilikuwa mwendo wa saa nyingi kwenda na kurudi. Nikamwambia hivyo. Akafumba macho, akayafumbua, akanishika mkono wa shati na kunipeleka nje.

Kwenye kivuli cha ukuta alikaa bibi mmoja wa Kisukuma, wa wale wafugaji wa uwandani. Mapajani mwake walilala watoto wawili pacha, wamefanana kama punje mbili za mchele.

"Mwambie huyu bibi," akasema Nesi. "Mara iliyopita mama yao aliwaleta. Mmoja nilimchoma sindano. Mwingine alikuwa na homa kali, nikasema arudi. Nimewaona watoto mia baada ya hapo, sikumbuki ni yupi. Kadi zao zimechukuliwa na mto. Mama yao amelazwa kwao, mahali simu haishiki. Na baba yao anaondoka na ng'ombe leo jioni, wanahama na watoto, hatujui watarudi lini. Jibu limo ndani ya ile mashine yako. Na daftari," akanyamaza kidogo, "daftari uliniambia nilifungie."

"Si uwachome wote wawili?" nikasema, kwa ujinga.

"Mimi simchomi mtoto kwa kubahatisha," akasema. "Wewe bahatisha na makompyuta yako."

Bibi alinitazama. Kiswahili chake kilikuwa cha shida, kama cha bibi yangu mwenyewe. "Wewe ndiye fundi? Fanya, mjukuu wangu. Mimi nasubiri. Ng'ombe ndio hawasubiri."

Nimeshasimama mbele ya walimu wakali, nimeshasimama mbele ya baba mkwe mtarajiwa wa Kikinga aliyeniuliza maswali saa tatu mfululizo. Sijawahi kujisikia mdogo kama mbele ya yule bibi.

Nilikuwa bado nimesimama pale nilipoona kofia ya sufu ya kijani ikiingia getini. Mama Luvanda! Kumbe alikuwa safarini kutoka Iringa kuja Mbeya na diski mpya. Nesi alimpigia akiwa njiani, naye akashukia Igawa. Alitembea polepole, begi lake begani, akiwaamkia kinamama benchi kwa benchi, na aliponifikia akasema tu, "Kamwene, Lusajo."

Nikaitikia. Sauti ilitoka nyembamba kama ya pacha mmojawapo.

Akaingia ndani, akakaa mbele ya mashine, akasoma kilichoandikwa kwenye kioo. Akakisoma tena. Nilisubiri ngurumo. Badala yake aligeuka akaniuliza, "Nyumba yako ilifikaje huku?"

Nikamwambia. Yote. Diski, flashi, makondakta, vituo kumi na viwili. Nilipomaliza, Lusajo mwenzangu alikuwa amejiziba mdomo.

Mama Luvanda alivuta begi lake mapajani. Kisha akafungua laptopu yake, akatafuta kifurushi changu, akageuza kioo kwangu.

"Soma kwa sauti."

"Mama..."

"Soma, Nesi asikie."

Nikasoma. Nimejenga katika chumba kitupu. Nimejaribu katika chumba kitupu. Lusajo.

"Na chini yake?"

Chini yake palikuwa na jina lake. Nikalisoma.

"Hili nililitia bila kufungua kifurushi," akasema. "Nilijiambia, ni Lusajo, huyu najua kazi yake. Kwa hiyo tuko wawili. Wewe uliandika uongo, mimi nikauthibitisha." Halafu akavua kofia yake ya sufu, akaiweka mezani, kama mtu anayeingia shambani. "Msimbo wa asili, maandishi ya Mkalimani kabla hajajengwa, ninao humu. Jenga."

Nilikaa, nikaanza kwa kasi. Vidole vilikuwa vinaruka. Nilikuwa nimeshaandika mstari wa pili alipogusa bega langu.

"Unajenga wapi?"

Mwanangu, utaamini? Nilikuwa naanza kumjenga ndani ya nyumba ya Mama Luvanda! Folda yake, jina lake! Siku ile ile, bibi yuko nje, pacha wako mapajani, jasho la aibu halijakauka, na mkono ulikuwa umekwenda huko wenyewe!

"Mama, chumba kitupu kitachukua muda. Bibi anasubiri."

"Bibi anasubiri kwa sababu mara ile hukutaka kusubiri," akasema. "Fungua chumba."

Nikafungua. Nikajenga. Na baada ya saa nzima ya mistari kupita kwenye kioo, ujenzi ukasimama. Palikuwa na maktaba fulani ndogo, yaani kijiprogramu cha kusaidia programu nyingine, hata jina lake nilikuwa silikumbuki vizuri, ambayo Mkalimani aliitaka na chumba hakikuwa nayo. Mashine yangu ya Iyunga ilikuwa nayo zamani, niliiweka kwa ajili ya mchezo wa bao, wala sikuwahi kuiandika popote kama hitaji. Yaani hata kama folda ile isingefutwa, siku kituo kimoja kingepata kompyuta mpya isiyo nayo, maana zile kuukuu zilikuwa nayo kwa bahati tu, Mkalimani angekufa vile vile! Nilimtazama Mama Luvanda. Yeye alikuwa anatazama kioo.

"Unaona?" akasema taratibu. "Chumba kitupu kinajua siri zako."

Tukaiandika. Maktaba yenyewe ilikuwa kwenye diski zake. Tukaanza upya. Nje jua lilihama, bibi akahamia kivuli kingine, Lusajo mwenzangu akampelekea uji. Nesi aliendelea na wenye kadi, akiwaandika kwenye lile daftari la kabatini. Baba wa pacha alikuja getini na fimbo yake mara mbili, akaondoka mara mbili. Mara ya tatu hakuondoka. Alisimama tu.

Saa tisa na ushee kifurushi kilikamilika. Nikanyoosha mkono nikisakinishe kwenye mashine ya zahanati. Mama Luvanda alikohoa. Nikarudisha mkono, nikabomoa chumba, nikafungua kingine kitupu, nikakisakinisha humo kwanza. Mkalimani aliamka. Akaona vitabu vyake, mahali pa vitabu vya mfumo, mahali ambapo pangekuwepo hata kama mimi nisingezaliwa.

"Sasa," akasema mama.

Programu ya kliniki ilifunguka. Nesi Anyisile aliandika jina la boma, na kwenye kioo wakatokea wawili. Kulwa, amechomwa. Doto, homa, arudi.

Nesi alitoka mbio mpaka ndala moja ikabaki mlangoni. "Bibi! Doto ni yupi?"

"Huyu," akasema bibi bila hata kutazama, akamnyanyua wa kushoto. "Mwenye hasira."

Doto alipochomwa alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika Chimala. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama ule. Bibi aliwafunga wote wawili kwenye khanga zake, akamgeukia Mama Luvanda na kumshukuru, kisha akanigeukia mimi. "Na wewe fundi, umefanya vizuri."

Nilikwenda nyuma ya zahanati nikalia. Kusifiwa na mtu uliyemkosea, mwanangu, kunauma kuliko viboko.

Nilidhani yameisha. Mama Luvanda alikaa kwenye benchi tupu na kuandika barua kwa vituo vyote. Aliandika kwamba kifurushi cha Mkalimani kilijengwa vibaya na Lusajo na kuthibitishwa bila kukaguliwa na yeye mwenyewe, kwamba folda ile ifutwe mara tu kifurushi kipya kikifika, na kwamba saini zote mbili, yangu na yake, zisipokelewe tena hadi itakapotangazwa. Nilishtuka kuliko asubuhi.

"Yako pia, mama? Wewe ndiye kiongozi!"

"Ndiyo maana," akasema, akalamba bahasha.

Kifurushi kipya kilikaguliwa na wenzetu watatu wa Iringa, wakakitia saini zao. Mimi nilikipeleka kwa mikono yangu, kituo kwa kituo, na kila kituo nilifuta nyumba yangu mbele ya wenyewe na kuwaeleza kwa nini ilikuwepo. Kumi na mbili. Cha tano walinicheka, cha saba walinifukuza, cha tisa walinipa chakula, jambo lililonitesa zaidi. Saini yangu ilikaa kifungoni zaidi ya mwaka. Siku niliporudishiwa, tulikutana Iringa ana kwa ana, kitambulisho mezani, kama wageni. Mama Luvanda, ambaye yake ilikuwa imerudi wiki ile ile, alichukua kifurushi changu kipya, akakifungua na kukisoma mstari kwa mstari, nami nimekaa mbele yake tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Hakuniamini hata nukta moja. Nilijisikia nimeheshimiwa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Haya nimeyaandika kwa sababu juzi mmoja wenu, simtaji, alileta kifurushi kimekwama, na nilipomwuliza akanijibu, "Mzee, mbona kwangu kinafanya kazi?" Niliruka kwenye kiti, na kwa magoti haya kuruka si jambo dogo.

Mwanangu, kinachofanya kazi kwako bado hakijafanya kazi. Kwako kumejaa vitu ulivyoviweka na kuvisahau, na vyote vinakubeba bila kukuambia. Kipeleke mahali ambapo hupo, ambapo hakuna kitu chako hata kimoja, ukione kikisimama peke yake. Ukikosea, na utakosea, piga simu siku ile ile, ungali na kosa moja. Mimi niliponyamaza, kosa langu lilizaa nyumba kumi na mbili. Na anayekuletea kazi uithibitishe, hata awe rafiki yako, hata awe mimi mwenye mvi hizi, ifungue. Unayempenda ndiye wa kumkagua, maana wengine utawakagua tu. Halafu nesi akikuuliza kuhusu daftari lake, mwache nalo.

Mungu akupe mikono yenye haraka na moyo usio na haraka. Akupe kiongozi atakayekufungulia kazi yako mstari kwa mstari, nawe umpende kwa hilo. Na kazi ya mikono yako ifike mahali usipopajua, iamke, ikute kila inachohitaji, na mtoto wa mtu usiyemfahamu alie kwa afya. Jina nililopewa na bibi yangu maana yake ni baraka, nakugawia nusu. Nusu nyingine ni ya yule dada wa Rujewa. Anaistahili, alifagia vizuri.